Ndala ya Mama Iliyobaki Lubaga

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu ananiuliza mambo ya Kampala, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mmoja ana kisa cha mpakani, mwingine ana kisa cha chemchemi, na shoga yangu wa duka la vitenge anaapa kwamba nilikwenda kufuata mirathi. Mirathi gani jamani, ya kopo la siagi? Basi nimeifunika cherehani, nimekaa kitako, naandika yote kwa mpigo mmoja. Someni, mpokezane, kisha mniache nishone.

Habari za tiketi na makaratasi sitazigusa. Zilinichosha kuzishughulikia, na nyinyi zitawachosha kuzisoma.

Tabora, kabla ya safari

Wengi wenu mlikuwepo tulipomzika mdogo wangu Nassoro. Mlimjua tangu mtoto, yule aliyekuwa akitoka nyumbani na ndala mbili akarudi na moja, na Mama akimfokea mpaka mtaa wa pili wanasikia. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Kampala, akapata kazi ya upishi kwenye gesti moja huko Kabalagala. Huko ndiko alikougua ghafla, akalazwa, akafa kabla sijapata hata nauli ya kwenda kumuuguza. Mwili ulikuja. Begi lake likaja pia, na ndani yake kila kitu isipokuwa kimoja.

Hicho kimoja ndicho kilichonipeleka, na ili mkielewe lazima niwaeleze mchezo wake. Mgeni mmoja aliyelala kwenye ile gesti alimfundisha. Unachukua kopo lenye mfuniko, unatia ndani daftari na muhuri uliouchonga kwa mkono wako, unalificha mahali pa watu wote, penye njia au ukuta au mti. Halafu unatoa maelekezo kwa mafumbo kidogo. Anayelipata anakuja na muhuri wake mwenyewe, aliouchonga yeye. Anaugonga kwenye daftari la kopo, na wa kwenye kopo anaugonga kwenye daftari lake. Kisha anarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa ajili ya mwingine. Hakuna zawadi wala mshindi. Nami nilimuuliza Nassoro kama nyinyi mnavyoniuliza: faida yake nini? Akasema, "Dada Tatu, faida yake ni kwamba mtu amefika ulipofika."

Alipokuja likizo ya mwisho alinifundisha kuchonga, hapo uani. Kifutio cha shule kilikuwa kidogo mno. Akazungusha macho, akaziona ndala za Mama mlangoni, za bluu, nene, hazijamaliza hata mwezi mguuni. Akaichukua ya kushoto akaikata kisigino kwa wembe. Mama alipotoka kuswali akakuta ndala yake imekuwa nusu, weee! "Umenifanya kiwete mimi!" Nassoro anasema, "Mama, nitakununulia nyingine." Mama anasema, "Sitaki nyingine. Nataka hiyo hiyo."

Akachonga ndala. Ndala moja tu, ya kushoto, na vikanda vyake, eti ndiyo alama yake kwa vile maisha yake yote amerudi nyumbani na moja. Mimi nikachonga kuku. Kuku wangu nilimchora anaangalia kulia, nikamgonga kwenye karatasi akatoka anaangalia kushoto. Nassoro alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. "Wewe ni fundi nguo, hujui kwamba kitu kinageuka? Muhuri unachongwa kinyume, dada, kinyume!" Mkia wa kuku ulikuwa haujakwisha basi lake lilipoondoka. Kwa hiyo kuku wangu na ndala yake hazikuwahi kugongwa kwenye ukurasa mmoja, naye akaniambia, "Njoo Kampala tugonge."

Baadaye alinitumia karatasi kwa dereva wa basi. Ina picha ya njia aliyoichonga kama muhuri, na maneno machache: Lubaga, kanisa, njia ya miguu, maji, jiwe. Akaniambia kwa simu kwamba ndala ameiacha ndani ya kopo, inanisubiri. Sikwenda, nilikuwa na nguo za watu. Halafu ikaja ile simu nyingine.

Baada ya arobaini Mama aliniita chumbani. Begi la Nassoro lilikuwa wazi kitandani, ameshalipekua mara sijui ngapi. "Kisigino changu hakimo," akasema. Nikamweleza kiko kwenye kopo, Lubaga. Akaniambia, "Kakilete. Kila kilicho chake kirudi nyumbani." Nikamweleza sheria ya mchezo, kwamba kilicho kwenye kopo hakitolewi. Akanitazama kama ninayemtukana. "Nataka hiyo hiyo," akasema.

Tabora hadi Bukoba

Basi liliondoka na giza la alfajiri, likatupitisha Nzega na Kahama bila matata, likatuangushia matata yote mbele ya Runzewe. Springi ilikatika. Dereva akashuka, akaangalia chini ya gari, akatikisa kichwa, tukajua ndiyo tumefika. Tulikaa kivulini mwa basi, abiria wakimlaani fundi wa Kahama ambaye hakuwepo kujitetea.

Kwa kuwa sijui kukaa mikono mitupu, nilimtoa kuku wangu nikaanza kumrekebisha mkia. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Muleba, ana kikapu cha dagaa na macho ya kutaka kujua. Aliniangalia nikichokonoa mpira kwa wembe, akajisogeza mbali kidogo. "Mwanangu, hiyo ni dawa?"

"Si dawa. Ni muhuri."

"Wa serikali?"

"Wa kwangu."

Nikamweleza mchezo wote. Alisikiliza, uso umemkunjamana. "Kwa hiyo unakwenda nchi ya watu kutafuta kopo."

"Ndiyo."

"La nani?"

"La mdogo wangu."

"Si angekupa mwenyewe mkononi?"

 Wembe ukasimama. Yule mama akaniangalia usoni, akaelewa, akashika kifua. "Pole, mwanangu. Pole sana."  Alifungua kanga yake akanipa ndizi mbili za kuchoma, akanishikia kuku wangu nisimpoteze majanini wakati nakula, akimshika kwa ncha za vidole. Sijui jina lake mpaka leo.

Bukoba tulifika jua limezama na mvua inanyesha. Nikala ndizi na maharage kwenye gesti, nikalala na begi miguuni. Niliogopa, nawaambia ukweli. Kifo sikukiogopa maana kilikuwa kimeshapita nyumbani. Niliogopa nifike, nilikose lile kopo, nirudi kumwambia Mama kwamba hata kisigino hakipo.

Mutukula

Upande wa kwetu nilipita salama. Upande wa Uganda kijana aliyevaa sare alifungua begi langu, akatoa khanga, akatoa mkate, akatoa kibati cha wino, wembe, na kuku. Hapo akanyooka.

"Mama, hii ni sitampu ya ofisi gani?"

"Ya kuku," nikasema.

Watu nyuma yangu walicheka. Yeye hakucheka, na simlaumu. Mtu anaingia nchini mwako na wino, wembe na muhuri wa kuchonga kwa mkono, utamdhania nini? Nami nikijiweka mahali pake ningemzuia vilevile. "Wewe nafanya kazi ya kuchonga sitampu?" akauliza. "Nani natuma wewe?" Akamshika kuku akaenda naye kwa mwenzake. Nje kondakta anapiga kelele, "Mama wa Tabora tunakuacha!"

Jamani! Kuku ni wa mpira wa ndala, atachongwa mwingine, najua. Lakini mkia wake nilianza kuuchonga Nassoro akiwa hapo uani anapiga soga, na bila yeye ningefika kwenye kopo nikiwa mgeni asiye na jina. Nikawaomba ruhusa. Nikafungua wino, nikamgonga kuku nyuma ya kiganja changu, nikawanyooshea mkono.

Wale wawili wakainama wakatazama. Yule mwenzake akasema kwa huzuni kabisa, "Hii kuku nakonda sana." Hapo ndipo yule wa kwanza alipocheka. Akanirudishia vitu vyangu kimoja kimoja. Kabla sijaondoka alikunja shati mkononi, akaniomba nimgongee na yeye, akamwonyeshe binti yake jioni. Nikamgongea vizuri, nikakimbilia basi.

Masaka, Lukaya, Kampala

Kutoka hapo nchi ni kijani mpaka macho yanachoka. Lukaya basi likasimama, na madirisha yote yakajaa mikono ya wauzaji, kuku wa vijiti, maji, na ndizi tamu za kuchoma wanazoziita gonja. Mwanamke mmoja akanitilia gonja mapajani kabla sijasema nataka, akaniita nnyabo, yaani mama, kwa sauti ya upole, na basi likaondoka tunapeana chenji mbio mbio. Nassoro aliwahi kunisifia hizo gonja kwenye simu nikamwambia ndizi ni ndizi. Si kweli. Nilizila nikilia, na abiria mwenzangu akadhani nimeungua ulimi, akanipa maji.

Kampala nilipokelewa na Byamungu. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, alipika pamoja na Nassoro kwenye jiko moja miaka yote, na ndiye aliyemsindikiza hospitali. Sikuwahi kumwona, lakini aliniita jina toka mbali. "Dada Tatu! Unafanana naye mpaka kutembea." Akanipokea begi, akasimama hivi, mtu mzima, machozi yanamshuka bila kuyafuta. "Alikuwa sawa ndugu yangu ya damu," akasema.

Nilikaa kwao, chumba nyuma ya Kabalagala, ambako muziki wa mabaa unaanza watu wengine wanapoanika nguo. Mkewe alinipikia sombe, kisamvu cha kwao, na bugali, ndio ugali. Nilitegemea ndizi, maana niliambiwa Uganda ni ndizi, na nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu akanicheka: "Mama, huku ndani ni Congo." Tulipokuwa tunakula wakaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila Jumapili Nassoro alikuwa akipotea, na akirudi viatu vimelowa matope. Byamungu akasema, "Sisi tuliwaza ako na mwanamuke kule Lubaga. Tulimuchekelea sana. Yeye anacheka tu, hasemi."

"Hakukwambia habari za kopo?"

"Mchezo alinielezea. Mahali alikataa. Alisema mutu wa kwanza ni dada yake, dada aikute yeye mwenyewe."

Nikarudisha tonge sahanini.

Lubaga, upande wa kushoto

Asubuhi Byamungu alinipeleka. Tulipita chini ya Nsambya, iliko hospitali alikofia Nassoro, akanionyesha kilima kwa kidevu, akasema "Kule," basi. Nilitazama mara moja. Sikutazama tena.

Lubaga tukasimama mbele ya kanisa lile la minara miwili, mimi na ushungi wangu na karatasi yangu. Maneno ya Nassoro yalikuwa haya: "Lipe kanisa mgongo. Shuka na njia ya miguu mpaka igawanyike. Hapo fuata picha. Tafuta maji, kisha jiwe lenye kovu." Tukaipata njia, ikagawanyika kama alivyosema. Picha ilionyesha tawi la kushoto, miti miwili, ukuta wa mawe, na mwisho vijiwimbi vya maji. Tukashika kushoto.

Nawaambia, kila kitu kilikuwepo. Miti miwili, ipo. Ukuta wa mawe, upo. Maji? Tangi kubwa la maji limekaa juu ya ukuta.  Nikaanza kupitisha mikono kwenye mawe, nikitafuta lenye kovu, na kila jiwe lilikuwa na kovu kwa sababu mawe ndivyo yalivyo. Nikaingiza vidole kwenye nyufa. Nikapata mjusi, nikapata mfuko wa chumvi mtupu. Nikarudia upya toka mwanzo wa ukuta. Jua likapanda.

Geti likafunguliwa, akatoka mwenye nyumba, mwanamume mnene mwenye fulana, ana sabuni mkononi. "Nnyabo, wewe natafuta nini kwa ukuta yangu?"

Sikuwa nimefikiria kwamba ukuta una mwenyewe. Nikasema natafuta kopo. Hilo lilikuwa kosa, maana aliita watu. "Kopo? Nani naweka kopo hapa? Wewe nareta uchawi kwa watoto yangu?" Majirani wakaja, mmoja akaja na fimbo. Byamungu akaanza kuwaeleza kwa Kiganda chake cha sokoni, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kukunja uso. Mgeni wa Tanzania, kopo lililofichwa, mtu aliyekufa. Hata mimi nikisikia hivyo ningeokota fimbo.

Nikakaa chini.  Nikafungua begi nikatoa daftari na kuku, nikamwambia yule baba, "Tazama. Ni hiki tu. Ni mchezo wa marehemu." Nikamgonga kuku kwenye ukurasa, nikampa vyote viwili, mpira na daftari.

Akavitazama. Akaugeuza mpira, akaangalia karatasi, akaangalia mpira tena. Hasira ikampungua, ukaingia udadisi. "Kuku yako kwa mpira naangaria huku," akasema, akielekeza kwa kidole chenye povu. "Kwa karatasi naangaria kure."

 Nikaichukua karatasi ya Nassoro. Nikaitazama ile njia yake inayokwenda kushoto, alivyoichora vizuri, kwa makini, kama anavyoiona kwa macho yake. Akaichora hivyo hivyo kwenye mpira. Akaigonga, ya kulia ikatoka ya kushoto, akaitia kwenye bahasha bila kufikiri. Aliyenicheka mpaka akaanguka kwenye kigoda! Na mimi niliyekaa miaka yote nashona nguo kwa ndani ndipo naigeuza, nimepekua ukuta wa watu asubuhi nzima.

"Byamungu," nikasema, "ni kulia. Mjinga huyu alisahau kugeuza. Ni kulia!" Nikaanza kucheka, na kicheko kikaharibika katikati, nikalia mbele ya wale watu wote kwa sauti, kilio ambacho msibani sikukipata. Mwenye nyumba akanisaidia kuinuka, ananiambia "bambi, bambi," ndiyo pole ya huko. Akaturudisha mwenyewe mpaka penye njia panda, na sabuni yake mkononi.

Lubaga, upande wa kulia

Njia ya kulia inashuka kwa utelezi mpaka kwenye chemchemi. Maji yanatoka kwenye bomba lililopachikwa kwenye ukuta wa mawe, na wanawake wamepanga jerikeni zao mstari. Viatu vyangu vilijaa matope mara moja. Nikakumbuka viatu vya Nassoro vya Jumapili.

Nikaanza tena na mawe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua nguo pembeni aliniangalia kwa muda, kisha akasema bila kuacha kufua, "Ya mwisho, ya chini. Lakini osha mukono kwanza."

Huyo ni Mama Opio, mke wa polisi, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake ni cha kambini alikozaliwa. Nikaosha mikono. Jiwe la mwisho lina mkwaruzo mrefu kama paji la uso lililowahi kushonwa. Nikalivuta. Nyuma yake, ndani ya mfuko wa nailoni, kopo la siagi.

Sikuweza kulifungua. Byamungu akanishikia mfuniko. Daftari, kibati cha wino, na kile kisigino cha bluu cha Mama, na ile ndala ndogo imechongwa juu yake. Nilikishika nikasikia harufu ya matope na wino tu, sijui nilitegemea harufu gani.

Nikafungua daftari. Nilidhani nitakuta ukurasa mmoja wa Nassoro na nyingine zote nyeupe. Limejaa! Dole gumba lililochovywa wino. Mdomo wa kizibo cha soda. Jani. Kichwa cha ufunguo. Na kurasa nyingi zina ua zuri lenye pembe tano. Mama Opio alikuwa amesimama nyuma yangu, akachomeka kidole chenye maji. "Hii ni mimi. Bamia. Nakata katikati, napiga. Hii dole ni ya yule, na hii ya yule." Wenzake kwenye foleni wakanyoosha shingo, kila mmoja anaonyesha wake.

"Yeye alikuwa nakuja kila Sande," akasema. "Yeye nauliza sisi, nani napata kopo? Sisi nacheka tu, hatutafuti. Alafu hakuja tena. Siku moja mimi naona jiwe nalegea, napata. Sisi nasema, wacha tupige, tupige mingi. Akirudi atafurahi." Akaniangalia ushungi, akaniangalia uso. "Wewe ni dada yake? Yeye iko wapi? Amerudi Tanzania?"

"Amerudi," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo kwanza. Halafu nikasema, "Amerudi, na tumemzika."

Mama Opio alikaa kwenye jiwe. Aliyekuwa anakinga maji alisahau, jerikeni ikajaa ikamwagika, hakuna aliyeiondoa. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasoma Fatiha kimoyomoyo.

Kisha nikafanya nililokwenda kufanya. Nilimgonga kuku kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, pembeni ya ndala yake. Nikaigonga ndala kwenye daftari langu, pembeni ya kuku. Nikapuliza wino ukauke. Kwa hiyo tumegonga, Nassoro, nimefika ulipofika.

Ikabaki kile kisigino mkononi. Mama Opio aliuliza nikamweleza habari za ndala ya Mama, naye akasema upesi, "Ni ya mama yenu? Basi chukua." Wengine wakakubali kwa vichwa. Lakini wakati huo huo msichana mmoja wa foleni alikuwa anasugua kidole chake kwenye wino, bado hajagonga, anasubiri nimalize. Nikawaza: nyumbani kisigino hiki kitakaa kabatini kwenye kitambaa, Mama atakitoa alie, akirudishe. Hapa wanakigonga, wanacheka. Nilikuwa nasikia sauti ya Mama waziwazi, nataka hiyo hiyo, na ilinikata maini. Nikampa yule msichana nafasi, akagonga dole lake. Nikakirudisha kisigino, nikafunga kopo, nikasukuma jiwe. 

Nyumbani

Njia ya kurudi haina kisa, ila nilikuwa na hofu tangu Masaka mpaka Nzega.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuniuliza habari za safari. "Iko wapi?"

Nikachana ule ukurasa kwenye daftari nikampa. "Nimeiacha, Mama. Hii ndiyo alama yake." Nikamweleza kila kitu, bamia, madole, wale wanawake. Alisikiliza akitazama chini.

"Nilikutuma," akasema.

"Ulinituma, Mama."

Akaukunja ukurasa akaingia ndani.  Chakula aliniwekea bila kunikaribisha, na nyinyi mnamjua Mama, hilo ni zito kuliko kofi. Nilimwona ana haki. Nililala najiambia nimemnyang'anya mtoto wake mara ya pili.

Asubuhi niko barazani nasikia anacheka. Mama, ambaye tangu mazishi hajacheka! Nikakimbilia chumbani, moyo mkononi, nikijua sasa akili imemtoka. Nikamkuta amekaa kitandani, ukurasa uko mapajani, na mguuni amevaa ndala ya bluu, ile ya kulia. Kumbe hakuitupa. Ilikuwa uvunguni siku zote.

"Njoo umwone mjinga huyu," akasema. "Alinikatia ya kushoto. Akachonga ya kushoto. Hebu tazama karatasi imetoka ipi."

Nikainama. Kule kwenye chemchemi machozi hayakuniacha nione. Ile ndala ya kwenye karatasi, ukiitazama kidole gumba kilipo, ni ya kulia.

"Amekosea na hii," nikasema.

"Amekosea! Na wewe kuku wako akamcheka." Tukacheka wote wawili, tumeshikana, mpaka ikawa si kicheko tena, tukaliliana pale kitandani kama tulivyopaswa kuliliana siku nyingi.

Alipojifuta uso alivua ndala akanipa. "Nichongee na mimi. Nichongee hii ya kulia."

"Sawa, Mama. Nitaigeuza vizuri."

"Usigeuze!" akanishika mkono. "Kosea kama alivyokosea. Yake imetoka ya kulia, yangu itoke ya kushoto, ziwe mbili. Nitakwenda mwenyewe kuigonga pembeni ya yake."

"Mama, Kampala ni mbali."

"Si uliniambia kuna mabasi?"

Kwa hiyo magauni yenu yatachelewa, msije mkanipigia kelele. Kisigino nimeshakikata, kikanda cha kwanza nimekianza jana. Mama amekaa hapa mlangoni, mguu mmoja kwenye ndala isiyo na kisigino, wa pili peku, ananichunga nisije nikapatia.